Miguu ya Mpwa Wangu Likwata

Nyangamara, Jumatatu, 2 Septemba 1974

Kijiji hiki kingekuwa pori mpaka leo kama si mimi. Wengine watasema ni Serikali, wengine watasema ni Operesheni ya kutuhamishia vijijini, mimi nawaacha waseme. Mwaka jana maofisa walipokuja na kamba zao kupima mistari ya nyumba, walipima wakakosea, wakapima tena wakakosea. Ndipo mimi, Tawakali Fakihi, nikatoka, nikafumba jicho moja, nikawaambia, "Mstari upite hapa." Ukapita hapo. Nyumba zote zimenyooka isipokuwa ya kwangu, na hiyo ni kwa sababu pale ndipo nilipokuwa nimesimama mimi.

Nimesoma mpaka darasa la tatu, na la nne nililianza. Mwalimu wa kisomo cha watu wazima amesema anayejua kuandika aandike kila siku, mkono usije ukasahau. Basi nitaandika msimu huu wote wa korosho, ili watakaokuja wajue nani alikuwa nani.

Nyumba inayofuata yangu ni ya dada yangu Adija. Inayofuata hiyo ni ya mwanawe Likwata na mkewe Kudra. Likwata ni mpwa wangu, na kwetu Wamwera mjomba ndiye mwenye mtoto. Mimi nilimpeleka jandoni, mimi nilimposea huyo Kudra kutoka Mitole, na nikimwita haulizi anaitiwa nini. Mikorosho yetu imebaki mahame, kule tulikokaa kabla ya kuhamishiwa hapa. Kwa miguu ni mwendo wa asubuhi nzima. Kwa baiskeli yangu ni mara moja, ila penye mchanga unaikokota mwenyewe.

5 Septemba

Upepo. Mabibo ya kwanza yameanza kugeuka rangi.

9 Septemba

Tumepata unga wa njano ghalani. Adija amepika, amesema ugali wake unafanana na sabuni ya kufulia. Nilikula kwake pamoja na Likwata, nikamsimulia yule simba niliyemkaripia kule Rondo mpaka akaona haya akaondoka.

"Juzi alikuwa chui, Mjomba," Likwata akasema.

"Alikuwa chui asubuhi. Kufika jioni amekua."

Kudra alicheka nyuma ya mlango mpaka akaangusha upawa. Namwambia dada yangu kila siku: mkamwana anayecheka hivi ni wa kumshika vizuri. Adija naye humshika vizuri, wanasukana nywele.

13 Septemba, Ijumaa

Baada ya swala tulikaa ghalani. Mizani inafunguliwa wiki ijayo. Nikatangaza mbele ya wote kwamba gunia la kwanza kupanda mizani mwaka huu litakuwa la Tawakali Fakihi.

Leonadi, karani wa ghala, akasema, "Mzee, korosho zako bado mbichi kama maneno yako."

Walicheka sana. Mimi pia nilicheka. Lakini nilirudi nyumbani bila kuaga.

17 Septemba

Mwezi umeandama. Tumefunga leo.

19 Septemba

Jana Likwata alianguka kutoka mkoroshoni kule mahame. Yuko hospitali ya misheni.

Ilikuwa hivi. Tulikwenda watatu: mimi, Likwata na Kudra. Likwata alipanda mti kutikisa matawi. Tawi lilikuwa limeliwa na mdudu, likakatika, akashuka nalo chali juu ya kisiki. Hakulia. Alisema tu, "Mgongo." Kudra akachanganyikiwa, akawa anapiga kelele tuwahi, tuwahi. Kwa ajili ya kelele hizo ikabidi tumpakie kwenye baiskeli, tukamfunga kwa kanga na kwa mpira wa kufungia mizigo. Mimi nilisukuma. Wengine wangeshindwa. Barabarani tukapata lori la mihogo.

Mizani imefunguliwa leo. Sijui gunia la nani limekuwa la kwanza.

20 Septemba

Adija analia tangu jana. Mimi ndiye ninayemtuliza.

24 Septemba

Hospitali. Daktari alimchoma Likwata kwa sindano kuanzia kifuani kushuka. Juu ya kitovu alisema "naam." Chini ya kitovu alinyamaza. Akachomwa nyayo, akaniangalia mimi kama anayeuliza kwa nini hawaanzi.

Muuguzi ni Sista Brigita, Mmakonde, mwenye sauti ya kuamrisha punda. Alinivuta kando.

"Mzee, wewe ulikuwepo?"

"Mimi ndiye niliyemwokoa."

"Alipoanguka, alichezesha miguu?"

"Hapana."

"Hata vidole?"

"Miguu ilikufa pale pale."

"Nani aliyeamua apakiwe kwenye baiskeli?"

Kudra alikuwa kisimani anachota maji ya kumwoshea mumewe. Nikasema, "Mkewe. Wanawake unawajua, Sista, wakishikwa na hofu."

"Mimi ni mwanamke, Mzee. Najijua." Akaandika, akaenda zake.

2 Oktoba

Nimerudi kijijini kuwapa watu habari. Walijaa uani kwangu kama siku ya arusi. Nikawaambia wasiwe na wasiwasi, mvua ya kwanza itamkuta Likwata amesimama. Niliwaonyesha vidole vyangu viwili vya mkono wa kushoto, hivi panga lilivyonikata mwaka wa Uhuru vikafa ganzi, na msimu wa pili wa korosho vikafufuka. Mshipa huota kama muhogo, nikasema. Walifarijika. Vijana walitaka kwenda kuipanua milango ya nyumba yake na kusawazisha ua, nikawaambia waache, wanamchimbia mtu kaburi yu hai.

Adija akauliza, "Huko mahame nani alisema apakiwe baiskeli? Baiskeli inavunja mgongo hata wa mtu mzima!"

Watu wote waliniangalia. Nikasema lile lile nililomwambia Sista. Likatoka laini zaidi, maana lilikuwa limeshapita mara moja.

Adija akageuka. Aliingia ndani.

6 Oktoba

Nilimpelekea Sista Brigita ushahidi wa vidole. Alivikunja, akavikunjua.

"Kweli viliota," akasema. "Mishipa ya fahamu ya mkononi huota tena, polepole. Ya mgongoni haioti."

"Mshipa si mshipa?"

Pale barazani kulikuwa na sufuria ya mlenda uliolala, ya mama mmoja anayeuguza. Sista akachomoa njiti ya ufagio, akaichomeka ndani ya mlenda. Ikasimama yenyewe.

"Ndani ya mfupa wa mgongo mna nyuzi nyingi sana, nyembamba," akasema. "Katikati ya uzi na uzi si patupu, kuna vitu vinavyozizunguka, kama ute. Siku zote ute huo ndio unaozishika nyuzi zikae mahali pake. Mtu akiumia, ute unakimbilia penye jeraha, unaziba, unakuwa kovu. Uzi ukitaka kuota uvuke, unakuta ukuta."

"Basi mlenda huo utolewe."

"Utautoaje ukaziacha nyuzi? Daktari anasema hata huko Ulaya bado wanabishana. Wako wanaosema uzi wenyewe hauna nguvu. Wako wanaosema nguvu unazo, ila kilichouzunguka ndicho kinachouzuia."

"Kwa hiyo ute ndio adui."

"Si adui, Mzee. Ulitaka kusaidia. Umewahi tu kabla ya uzi."

Nikadhani amemaliza. Akaongeza, "Ndiyo maana nilikuuliza vidole. Mtu akichezesha vidole baada ya kuanguka, ujue nyuzi nyingine zilisalia. Huyo unamlaza juu ya ubao, humkunji wala humtikisi."

"Na akitikiswa?"

"Huenda zikakatika zilizosalia. Huenda zingejifia zenyewe kwa uvimbe. Hakuna ajuaye. Kwani vipi?"

"Nauliza tu. Mimi ni mtu wa kupenda elimu."

10 Oktoba

Mchana mrefu. Sikufanya kitu.

17 Oktoba, Idi

Adija alinifungia pilau nimpelekee Likwata. Nilipofungua kule wodini, ilikuwa ya mtu mmoja. Kudra alikuwepo, amekaa chini ya kitanda, tangu ile siku hajalala kwingine. Aliangalia kile chakula, akaelewa. Akasema, "Mshukuru Mama, Mjomba," akaenda kufua.

Likwata akala nusu, nusu akaifunika. Akaniuliza, "Mama ana nini na Kudra?"

"Uchovu wa funga."

"Amemtumia salamu mara ngapi?"

Nikaanza habari ya Idi ile niliyokula mbuzi mzima peke yangu. Hakucheka. Aliangalia juu darini.

"Mjomba, kuna kitu nataka kukuuliza, maana wewe ulikuwepo. Nilipokuwa chini pale mahame, kabla sijazimia, nilichezesha vidole vya mguu. Nakumbuka nilivitazama. Au niliota?"

Ningeweza kusema.

Nikamwambia, "Uliota, mjomba wangu. Mtu akiumia huota mengi."

"Basi afadhali," akasema. "Nilidhani nilikuwa navyo nikavipoteza njiani."

18 Oktoba

Nimemrudishia Adija vyombo vyake.

29 Oktoba

Leo nimekwenda mahame peke yangu. Korosho zimejaa chini ya mikorosho, za kuokota tu, ngumu, kijivu, zimekomaa zenyewe. Na chini ya mti ule bado ziko zile za siku ile. Zimesinyaa, nyeusi. Hata panya amezikataa.

Nimekaa pale mpaka jua likahama. Humu daftarini pia nimedanganya, nikamdanganya asiyejulikana atakayesoma. Sasa niandike.

Korosho haitikiswi. Mtoto wa kwetu anajua hilo kabla hajajua jina la baba yake: unangoja bibo lianguke lenyewe, ndipo unaokota. Likwata aliniambia, "Mjomba, bado. Tuje wiki mbili zijazo." Nami nilikuwa na maneno ya Leonadi masikioni. Nikamwambia, "Mimi nikisema panda, wewe unapanda." Alikuwa amefunga na midomo imemkauka. Akapanda.

Alipoanguka, Kudra hakupiga kelele. Mimi ndiye niliyepiga kelele. Kudra alipiga magoti, akasema kwa utulivu, "Likwata, nikuone. Chezesha mguu." Akachezesha vidole. Vya mguu wa kulia vyote, vya kushoto kidogo. Tulivitazama sote watatu. Kudra akasema, "Alhamdulillahi. Mjomba, tusimwinue. Nakwenda kwa wale wasiohama, waliobaki mtoni, wana kitanda cha kamba, tumlaze tumbebe."

Nikakataa. Kitanda juu ya mabega ya watu wanne, mtu amelala chali: hivyo ndivyo tunavyompeleka mtu makaburini. Nikamwambia, "Unataka kumpeleka mumeo hivyo yu hai? Unamwitia nini?" Na baiskeli ilikuwa pale, yangu, ya pekee katika mstari wetu wa nyumba. Nilijiona nikiingia nayo hospitalini na watu wakisema Tawakali amemleta.

Kudra alisema tena, "Mjomba, tafadhali, kitanda." Nikamwambia mkamwana haoneshwi mlango akaingia mpaka chumbani kwa watu, ajue mipaka yake. Ndilo neno nililomwambia. Akavua kanga yake akanipa ya kumfungia.

Tulimkalisha. Mgongo ulijikunja. Akatoa sauti ambayo sitaiandika. Penye mchanga tulimkokota, penye mizizi alirukaruka. Nilipogeuka kule barabarani viatu vyake vilikuwa vimeburuzwa mpaka vimetoboka na yeye hana habari.

Ndivyo ilivyokuwa.

30 Oktoba

Nimesoma ya jana. Nilitaka kuchana. Sikuchana.

8 Novemba

Wamemruhusu. Daktari amesema hakuna zaidi cha kufanya hospitalini. Sasa kazi ni ngozi: mtu asiyesikia miguu yake hulala upande mmoja mpaka nyama inaoza bila yeye kujua, na ndicho kinachowaua, si mgongo. Ageuzwe kila mara, usiku na mchana, aoshwe, akaguliwe visigino. Sista Brigita alimfundisha Kudra mbele yangu. Kisha akasema, "Na wewe Mzee, njoo ushike miguu." Nikasema kuna mtu ananiita nje.

Gari la misheni lilituacha barabarani. Kutoka pale vijana walikuja na kitanda cha kamba, wakamlaza, wakambeba mabegani. Wanawake waliokuwa njiani walikaa chini, wakajitanda, wakaanza kulia. Mzee mmoja akavua kofia akasoma Fatiha. Likwata akainua mkono kutoka kitandani, akapunga.

"Itikieni amina tu, lakini msinizike! Sijala!"

Walikimbia wengine. Kisha kicheko kikaanza, mpaka waliombeba wakalazimika kukitua kitanda wacheke. Walimfikisha hivyo mpaka mlangoni. Hakuna kilichotokea. Nilitembea nyuma na baiskeli.

Kitanda hakikupita mlangoni. Mlango ni mwembamba. Ilibidi wamtoe, wamkunje, wamwingize kama gunia. Kudra alinitazama mara moja tu.

15 Novemba

Joto. Mawingu yanakuja yanarudi.

Watu wanamwuliza Likwata, "Mvua imekaribia, utasimama lini?" Anajibu, "Mwulizeni Mjomba, yeye ndiye mwenye tarehe." Wanacheka. Na kwa kuwa nilisema atasimama, hakuna aliyepanua mlango wala aliyemtengenezea pa kukaa nje. Analala gizani, anangoja ahadi yangu.

Adija haingii kule Kudra akiwepo. Leo Kudra aliomba amsaidie kumgeuza, akamjibu ng'ambo ya ua, kila mtu akisikia, "Aliyempakia ndiye amgeuze."

Nilikuwa nakata kuni. Niliendelea kukata kuni.

22 Novemba

Bakari, kaka yake Kudra, amefika kutoka Mitole. Habari zimemfikia huko kwamba dada yake anaitwa muuaji wa miguu ya mumewe. Alikuja kwangu kwanza, kwa adabu.

"Shikamoo, Mzee Tawakali."

"Marahaba. Habari za Mitole?"

"Nzuri. Nimekuja kumchukua dada yangu. Mama mkwe hamwamkii, watoto kisimani wanamwimbia. Sisi hatukumtoa kwetu aje kuimbiwa. Wewe ndiye uliyekuja kumposa, na kwako namrudisha. Jumapili kuna baraza, nitaaga mbele ya wazee, tuondoke."

"Na Likwata?"

"Ana mama yake. Ana mjomba."

Jioni nilimkuta Kudra nyuma ya nyumba anaanua nguo. Nilimwambia, "Mwanangu, mwambie kaka yako asikuchukue."

"Nimwambieje?" Hakugeuka. "Mjomba, mimi sitasema. Niliposema kule mahame uliniambia maneno, na sitayarudia. Mimi nikisema nitakuwa mkamwana anayemtangaza mjomba wa mumewe. Likwata alizimia, hajui. Tunaojua ni wawili." Akakunja shuka. "Mama hawezi kumwinua peke yake, ana kiuno. Nikiondoka Jumapili, mpaka Ijumaa atakuwa na kidonda. Nimefundishwa, najua kinaanzaje. Kinaanza chekundu."

Akaingia ndani na nguo zake.

Nimefikiri juu ya yule Sista na njiti yake ndani ya mlenda. Neno langu liliwahi, likaziba, sasa limekuwa gumu, na la kweli halipati pa kupita.

23 Novemba, Jumamosi

Asubuhi, Kudra alipokwenda kisimani, niliingia kwa Likwata. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yenye mwanzo na katikati. Nilipomwona yakaisha.

"Hukuota," nikasema.

"Nini?"

"Vidole. Ulivichezesha. Mimi nimeviona, na Kudra ameviona. Alitaka kitanda. Mimi nilikataa, nikakupakia. Yeye hakusema baiskeli hata mara moja."

Jogoo aliingia akatoka.

"Siku ya Idi nilikuuliza," akasema.

"Uliniuliza."

"Nimemkalia mke wangu kimya tangu niliposikia maneno ya watu, Mjomba. Akinigeuza nafikiri, mikono hii ndiyo iliyonipakia. Na yeye ananigeuza tu."

"Likwata..."

"Toka."

Nikainuka. Nilikuwa nimefika kizingitini aliponiita.

"Rudi. Kudra yuko mbali, na muda wa kugeuzwa umefika. Nigeuze kwanza, ndipo utoke."

Sikujua pa kushika. Akanifundisha: mkono huu chini ya bega, huu chini ya nyonga, vuta, usikunje. Kisha miguu. Sijaigusa tangu siku ile. Niliogopa, hilo nalo naliandika, niliogopa itakuwa baridi. Haikuwa baridi. Ilikuwa na joto kama ya mtu yeyote, mizito, imelegea, kucha zimekatwa vizuri. Niliiweka mmoja juu ya mwingine na nguo katikati, kama alivyoniambia.

"Kisigino kiko vipi?"

"Kizuri. Hakina wekundu."

"Basi sasa toka."

Nikatoka.

24 Novemba, Jumapili

Baraza lilijaa. Bakari alikuwa amekaa na kifurushi cha dada yake miguuni. Kabla hajainuka kuaga niliinuka mimi. Watu wakaanza kutabasamu, wakijua kuna hadithi.

Nikasema yote. Kwamba nilimpandisha mtu aliyefunga kwenye mti usiotikiswa, kwa sababu ya maneno ya ghalani. Kwamba vidole vilicheza. Kwamba Kudra aliomba kitanda mara mbili nikamtukana. Kwamba hospitalini nilimsingizia, na uani kwangu nilimsingizia tena. Na kwamba mshipa wa mgongo haufanani na wa kidole changu, Likwata hatasimama kwa mvua hii wala nyingine, mimi nimezuia milango isipanuliwe kwa ahadi isiyokuwa yangu kuitoa.

Leonadi aliangalia chini.

Adija alitoka upande wa wanawake, akapita katikati ya wanaume, akaja mpaka mbele yangu. Nilidhani atanipiga. Ni dada yangu mkubwa, angekuwa na haki. Akasema, "Umenifanya nimnyime mtoto wa watu pilau ya Idi." Basi. Akageuka, akaenda akapiga magoti mbele ya Kudra, na Kudra akamwinua haraka, maana mama mkwe hapigi magoti, na wote wawili wakakosa la kufanya na mikono yao.

Bakari akasema, "Dada, wewe ndiye wa kusema. Kifurushi hiki hapa."

Kudra akasema, "Nitakaa mpaka mvua ziishe. Baada ya hapo nitajiuliza mwenyewe. Si Mjomba wala si wewe, kaka. Lakini asubuhi Mjomba atamgeuza yeye, kila siku. Mimi nitakuwa nimelala."

Watu wakanigeukia. Nikasema nimekubali.

Jioni vijana walivunja upande mmoja wa mlango wa Likwata. Mwanga umeingia mpaka kitandani. Sikungoja asubuhi. Nilipomgeuza alisema tu, "Nyonga, Mjomba, umesahau nyonga."

Limebaki jambo moja, na ni dogo, ila siwezi kulala nalo. Pale barazani, nilipofika penye safari ya baiskeli, nilisema tuliukwea mlima mrefu wenye mawe, mimi nikisukuma peke yangu huku Likwata akilegea. Niliwaona watu wakishusha pumzi, mwanamke mmoja akajifuta machozi, nami nikahisi raha moyoni, nikaurefusha kidogo. Kudra alisukuma kama mimi. Na kutoka mahame mpaka barabarani ni tambarare. Hakuna mlima.